Mamba Yuko Karibu na Kuku Kuliko Kenge

Mpwa wangu, anayesoma gredi ya nane hapa Kisumu, aliulizwa katika jaribio la sayansi ni yupi kati ya kenge, nyoka na kuku aliye na undugu wa karibu zaidi na mamba. Akaandika kuku. Jibu lake lilikatwa kwa kalamu nyekundu, na pembeni mwa karatasi mwalimu akamweleza kwamba mamba ni reptilia na kuku ni ndege, kwa hiyo akalisome tena jedwali. Nimeshindwa kulinyamazia jambo hili, kwa sababu mtoto alikuwa sahihi na kilichokosea ni jedwali lenyewe.

Jedwali hilo sote tunalifahamu: samaki chini, kisha amfibia, reptilia, ndege, na kileleni mamalia, kana kwamba kila kundi lilikuwa likijitahidi kufika ngazi inayofuata. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mwalimu mwenye darasa kubwa na mtihani mbele yake anahitaji makundi ambayo watoto watayakumbuka upesi. Lakini wepesi wa kukumbuka hauhalalishi kumwambia mtoto kwamba ukweli ni kosa. Mamba, kenge, nyoka na kobe wamewekwa kapu moja kwa kuwa hawana nywele wala manyoya, na kukosa kitu kile kile hakujawahi kuwafanya wawili kuwa ndugu.

Nitaanza na mapafu, kwa maana huo ni ushahidi ambao karibu kila jiko la magharibi mwa Kenya linaweza kuushika mkononi. Yeyote aliyewahi kumpasua kuku wa kienyeji anajua kwamba mapafu yake hayatoki kwa kuvutwa. Yamenata mgongoni, yamejibana katikati ya mbavu, na hung'olewa kwa ncha ya kidole, vipande vipande. Kikitoka kipande kikubwa, utaona juu yake mifereji iliyochorwa na mbavu zenyewe. Mapafu ya mbuzi hayako hivyo, kwani hutoka mazima, laini, yakining'inia kwenye koo. Tofauti hiyo ina sababu. Mapafu ya mbuzi, kama yetu, hutanuka na kunywea kwa kazi ya kiwambo, yaani msuli mpana ulio chini ya mapafu, na hewa huingia na kutoka kwa njia ile ile. Mapafu ya kuku karibu hayatanuki kabisa, na kazi ya kusukuma hewa hufanywa na vifuko vyembamba vilivyotapakaa mwilini hadi ndani ya baadhi ya mifupa. Kuku anapovuta pumzi, sehemu kubwa ya hewa hiyo huenda kwanza katika vifuko vya nyuma; anapotoa pumzi, hewa hiyo hupenya mapafuni; akivuta tena, huhamia vifuko vya mbele, na ni katika kutoa pumzi ya pili ndipo inapotoka nje. Kwa hiyo hewa hupita mapafuni kwa mwelekeo mmoja tu, iwe ndege anavuta pumzi au anaitoa.

Kwa muda mrefu iliaminiwa kwamba utaratibu huo ulikuwa wa ndege peke yao. Mwaka 2010, Colleen Farmer na Kent Sanders wa Chuo Kikuu cha Utah nchini Marekani walionyesha kwamba hewa hupita kwa mwelekeo mmoja katika mapafu ya aligeta pia, jamaa wa karibu wa mamba, ingawa mnyama huyo hana vifuko vya hewa. Mwaka 2013 ukafuata uchunguzi wa mapafu ya mamba wa Nile, ambaye ndiye mamba wetu wa Ziwa Victoria, nao ukaelekea huko huko. Upande wa pili una hoja moja ambayo siwezi kuikataa: baadaye iligunduliwa kwamba hata kenge wa savana hupitisha hewa kwa namna hiyo katika sehemu kubwa ya mapafu yake, na kwa hiyo mapafu peke yake hayawezi kuimaliza kesi hii.

Mashahidi wengine hawakosekani. Kenge, nyoka na kobe wana moyo wa vyumba vitatu, ilhali moyo wa mamba una vinne vilivyotengwa kabisa, kama wa kuku. Mamalia nao wana vinne, ila walivipata kwa njia yao wenyewe, na dalili yake inaonekana katika mshipa mkuu utokao moyoni, ambao kwa ndege hupinda kulia na kwa mamalia hupinda kushoto. Mamba, kama kuku, ana tumbo lenye misuli mizito inayofanya kazi ya firigisi, na humeza mawe. Wafugaji wa kuku wamesikia vifaranga wakilia ndani ya yai kabla ya kulipasua. Mamba wachanga hulia vivyo hivyo, na mama yao akiwasikia huufukua mchanga, akawabeba kinywani hadi majini. Vinasaba vinakubaliana na haya yote. Ukoo wa mamba na ukoo wa ndege ulitengana takriban miaka milioni 250 iliyopita, wakati ambapo ukoo wa mijusi na nyoka ulikuwa tayari umeshika njia yake. Hata kobe, kwa ushahidi wa vinasaba, yuko karibu na mamba na ndege kuliko alivyo karibu na mjusi.

Nitaambiwa kwamba kenge na mamba wanafanana kwa mkia, magamba na miguu mifupi. Wanafanana kweli. Lakini huku huku kwetu, Meswa Bridge, yalipatikana mataya ya mnyama mla nyama mkubwa kuliko simba, aliyeishi takriban miaka milioni 22 iliyopita na ambaye mwaka 2019 alipewa jina la Simbakubwa kutokaafrika. Meno yake yalikata nyama kama ya simba, ila simba ana jozi moja ya meno ya kukatia kila upande wa kinywa, na Simbakubwa alikuwa na tatu. Hakuwa wa ukoo wa paka hata kidogo. Heroe wa Ziwa Nakuru nao husemwa kwamba hukunja goti kinyumenyume, ilhali kinachokunjwa ni kifundo cha mguu na goti lenyewe limefichwa juu, chini ya manyoya. Umbo la nje limewapotosha wengi, na ndiyo maana anatomia inafundishwa.

Jedwali linakosea pia kwa kutuweka sisi kileleni, kana kwamba tulipitia kwa mjusi na ndege. Ukoo wetu ulijitenga na ukoo wao wote zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, na alama ya safari hiyo tunayo masikioni. Mwaka 1837, Mjerumani Reichert alionyesha kwamba nyundo na fuawe, mifupa miwili midogo ya sikio la mamalia, inalingana na mifupa ambayo kwa reptilia ni bawaba ya taya. Mamba na kuku wana mfupa mmoja tu hapo, nao husikia vizuri sana.

Ninachowaomba walimu si kikubwa. Kabla jedwali halijaandikwa ubaoni, mwanafunzi mmoja alete moyo na mapafu ya kuku, mwingine alete ya mbuzi kutoka buchari, na vyote vipasuliwe mbele ya darasa pamoja na mchoro wa moyo wa mamba na wa kenge. Kisha watoto waulizwe swali lile lile aliloulizwa mpwa wangu, na atakayejibu kuku apewe alama yake.