Mvi: Kuzipaka Rangi au Kuziacha?

Wapo wanaodai kwamba anayepaka nywele rangi anaukana umri wake, na wapo wanaosema kwamba anayeziacha mvi amejiachia. Hukumu zote mbili zinapewa uzito kuliko zinavyostahili. Chembe zinazotengeneza melanini, yaani rangi ya asili ya nywele, kwenye shina la unywele hupungua kadiri umri unavyosonga, na kwa watu wengi kasi ya mabadiliko hayo huamuliwa zaidi na urithi kuliko na mwenendo wa maisha. Mvi za mapema mno, hata hivyo, wakati mwingine huashiria upungufu wa vitamini B12 au hitilafu ya tezi ya thairoidi, na hilo ni jambo la kumwona daktari kabla ya kununua rangi.

Wanaotetea rangi wana hoja nzito kuliko wapinzani wao wanavyokiri, kwa kuwa kichwa chenye mvi hakipokelewi sawa kila mahali. Lisa LaFlamme, mtangazaji wa habari wa Kanada, aliacha kupaka rangi wakati wa janga la mwaka 2020. Mwaka 2022 mkataba wake ulikatizwa baada ya miaka 35 ya kazi. Mwajiri wake alisema ulikuwa uamuzi wa kibiashara na kukana kwamba mvi zilihusika, lakini ukali wa mjadala uliofuata ulionyesha ni wanawake wangapi waliojiona katika kisa hicho. Kumwambia mtu wa namna hiyo ajikubali tu ni rahisi kwa asiyehatarisha mshahara wake.

Upande wa afya unahitaji tahadhari, si hofu. Katika ripoti yake ya mwaka 2010, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka kazi ya ususi na unyozi katika kundi la yale yanayoelekea kusababisha saratani, lakini kuhusu anayepaka nywele zake mwenyewe likaona ushahidi hautoshi kutoa uamuzi. Kinachojulikana wazi ni mzio wa PPD, kemikali iliyomo katika rangi nyingi nyeusi za kudumu: unaweza kumzukia hata aliyezitumia miaka mingi bila shida, akawashwa utosini na kuvimba kope. Ndiyo maana jaribio dogo kwenye ngozi, saa 48 kabla, halipaswi kurukwa.

Kinachosahaulika zaidi ni ugumu wa kuacha rangi ukishaianza. Nywele huota takribani sentimita 1 kwa mwezi, hivyo mvi zikishaenea, mstari mweupe hujitokeza kwenye panja na penye njia ya nywele kabla hata mwezi haujaisha. Rangi basi hufanya kazi vizuri zaidi mvi zikiwa chache, yaani wakati haihitajiki sana, na huchosha zaidi pale mtu anapoitegemea. Mwenye nywele fupi huacha kwa kunyoa mara moja au mbili; mwenye nywele za kufika mabegani huvumilia rangi mbili kichwani kwa miaka miwili au zaidi, na mzigo huo, kwa kawaida, huwaangukia wanawake.

Kwa hiyo, anayesitasita naona aanze na rangi isiyodumu, baada ya jaribio lilelile la ngozi. Haifuniki mvi zote, lakini hufifia kila nywele zinapooshwa, na akibadili nia haachi nyuma mstari mkali wa kumsumbua.