Minervali haikopiwi kwa jirani

Pita asubuhi mitaa ya Kenya, Katuba au Bel-Air hapa Lubumbashi, Kongo, uhesabu kuta zilizochorwa katuni na herufi za rangi. Materneli (shule za watoto wadogo) na garderi (wanakolelewa hata wachanga) zimeota kama uyoga baada ya mvua ya kwanza. Rudi Septemba inayofuata: baadhi ya kuta hizo zimepakwa chokaa, lupangu (kiwanja) limekuwa kanisa au nyumba ya kupanga. Watoto walikuwepo. Mama direkta, mkuu wa shule, alijua kuimba nao, kuwatuliza, kuwafundisha kushika kalamu. Kilichomwangusha ni hesabu, na hesabu hakuna aliyemfundisha.

Mafunzo tunayowapa madirekta yanaanzia mahali pasipo na kidonda. Semina ya siku tatu kwenye sale (ukumbi) ya hoteli: umuhimu wa mchezo, hatua za kukua kwa mtoto, haki zake, kisha cheti, picha ya pamoja na falanga ya usafiri. Mambo hayo mazuri ni ya mlezi anayeshinda kalasini. Direkta ana swali lingine kabisa: leo ni tarehe 28, kesi, yaani sanduku la feza, ina nini?

Chukua shule ya mfano, hesabu yake nimeiweka mviringo ili ifuatike. Watoto 60, minervali (ada ya shule) dola 25 kwa mwezi, miezi 10. Bei hiyo imetoka wapi? Jirani anatoza 25. Walezi 6 kwa dola 90, mpishi 70, sentineli (mlinzi) 70, direkta mwenyewe 170: jumla 850, mshahara ghafi. Juu yake mwajiri anadaiwa CNSS (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii) asilimia 13, yaani 110.5, na INPP (taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi) asilimia 3 kwa shule ndogo kama hii, yaani 25.5. Watu peke yao wamekula 986. Kodi ya nyumba 250. Uji, makala ya kupikia, sabuni na maji 150. Mwezi umefika dola 1,386, na kwenye karatasi 60 mara 25 ni 1,500. Mama direkta anatabasamu.

Asitabasamu bado. Tuseme wazazi wanaolipa kweli ni asilimia 85. Kinachoingia ni 1,275, na kila mwezi shule inalala na pengo la 111. Halafu zinakuja Julai na Agosti: minervali hakuna, kodi ipo, mishahara ipo. Piga mwaka mzima: matumizi 16,332, mapato 12,750. Pengo ni dola 3,582, na hakuna aliyeiba hata senti. Hapo ndipo mama anaanza kumshuku mhasibu, au mchawi.

Wamarekani wawili waliobobea katika fedha za malezi ya watoto, Louise Stoney na Anne Mitchell, waliliita jambo hili pembetatu ya chuma: viti vijae, ada ikusanywe yote, na mapato ya kila mtoto yafikie gharama ya kila mtoto. Upande mmoja ukilegea, zile mbili hazitoshi kushika. Ningekuwa na saa moja tu ya kufundisha madirekta wa mji huu, ningeitumia hapo.

Turudi kwenye shule yetu. Kwa ukusanyaji wa asilimia 85, ada inayofunga mwaka bila deni ni kama dola 32. Ukusanyaji ukifika 95, ada hiyo hiyo inashuka hadi 29. Dola tatu kwa kila mtoto, kila mwezi, zimo katika namna ya kudai tu. Njia nyingine ni kuongeza watoto: kwa dola 25 ungehitaji kama 80. Lakini walezi ni wale wale 6, na kutoka watoto 10 kwa mlezi unaruka hadi 13. Chama cha Marekani cha elimu ya watoto wadogo, NAEYC, kinashauri mtu mzima 1 kwa watoto 10 wa miaka 4 na 5, na 1 kwa 4 wakiwa wachanga. Najua kalasi ya watoto 40 na mwalimu mmoja si ajabu kwetu. Lakini kwa kipimo hicho, garderi inayopokea wachanga kwa bei ya materneli inajichimbia shimo: mtoto wa miezi minane anahitaji mikono mara mbili na zaidi, na anaharibu sabuni.

Sasa kudai. Desturi yetu ni kungoja tarehe 15 kisha kuwafukuza watoto ambao hawajalipiwa. Ni aibu kwa mtoto, na kibiashara ni ujinga pia: siku tano kalasi ni nusu tupu, mlezi analipwa nzima, na mzazi mwenye haya hamrudishi tena. Ada ya watoto wadogo idaiwe kabla ya huduma, kati ya tarehe 1 na 5, na wakati wa kuandikisha mzazi aache amana ya mwezi mmoja itakayolipia Juni. Mfanyakazi wa mgodi anapata mshahara mwisho wa mwezi, mtoze kwa mwezi. Mama muuza mboga hana mwisho wa mwezi. Mgawie ada kwa juma, atume kwa M-Pesa au Airtel Money kila siku ya posho (Jumamosi). Kumlazimisha atoe dola 29 kwa mkupuo ni kuchagua kutolipwa.

Wazazi watauliza, si masomo ni bure? Bure ya Septemba 2019 ni ya shule za msingi za serikali, na Katiba katika kifungu cha 43 inasema hivyo hivyo. Materneli ya kibinafsi haimo. Jibu hilo liandikwe kwenye karatasi ya kuandikisha, lisingoje ugomvi mlangoni.

Na falanga. Ada imewekwa kwa dola, mzazi analeta franka, kila mtu na kiwango chake cha kubadilisha. Kiwango cha shule kiandikwe ubaoni kila Jumatatu na kisiguswe hadi Jumatatu inayofuata. Kila resu (risiti) ionyeshe franka zilizopokelewa na kiwango cha siku hiyo, maana bila hivyo buku ya kesi (daftari la feza) haitakubaliana na kesi hata siku moja. Noti ya dola ikaguliwe mbele ya mzazi: iliyochanika ukingoni sokoni hawaitaki, na hasara inabaki kwako.

Buku yenyewe haihitaji kompyuta. Daftari la kurasa 200, safu sita: tarehe, namba ya resu, maelezo, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Jioni unahesabu feza na kulinganisha na safu ya mwisho. Kinachoiharibu ni mfuko wa direkta. Bukari (ugali) ya nyumbani imekwisha, anachukua kwenye kesi, "nitarudisha." Dawa yake ni kujiandikia mshahara, ule 170, uupokee tarehe moja na wengine na kutia saini kama wengine. Hata lupangu likiwa la kwenu, andika kodi. Siku shemeji atakapodai nyumba yake, utajua kama shule inaweza kupanga mahali pengine.

Julai na Agosti ndipo shule nyingi hufia. Mishahara ya miezi miwili ni 1,972, kodi 500, jumla 2,472. Hiyo ni dola 247 za kuwekwa kando kila mwezi kwa miezi kumi, kabla ya kununua hata chaki. Likelemba (mchango wa kupokezana kwa zamu) inaweza kusaidia, mradi uombe zamu ya Julai. Watu hupigania zamu ya kwanza, na ya kwanza ni ya kununua viti vya plastiki. Wengine humaliza tatizo kwa kutowalipa walezi wakati wa likizo, kisha wanashangaa Septemba walezi wazuri wako kwa jirani na watoto 15 wamewafuata.

Wafanyakazi wenu karibu wote ni wanawake, wengi bado wanazaa. Sheria ya kazi ya 2002 inampa mama likizo ya uzazi ya majuma 14 kwa theluthi mbili ya malipo yake. Kati ya walezi sita, uzazi mmoja kwa mwaka ni jambo la kutarajia, na mtu wa kushika kalasi yake ni gharama ya kupanga mapema, isiyo bahati mbaya hata kidogo. Sheria hiyo hiyo inaruhusu kipindi cha majaribio hadi miezi 6, au mwezi 1 tu kwa kibarua asiye na ufundi. Mkataba wa mdomo unakunyima hata hilo.

Juu ya makaratasi nitasema kwa ufupi, kwa sababu madirekta wanayaogopa kupita kiasi. Namba ya RCCM (daftari la serikali la biashara) na idhini ya shule zikae kwenye faili moja, nakala ukutani. Afisa akija kudai kodi ya serikali, aache karatasi ya malipo yenye mhuri, nawe ukalipe benki. Anayetaka feza mkononi umpe kiti na maji ya kunywa.

Mafunzo haya yafanywe vipi basi? Yasiwe hotelini. Kalasi tupu ya shule yoyote, siku ya posho asubuhi, saa mbili hadi saa nne, majuma 12 kuanzia Aprili. Direkta 15, wasizidi. Kwa Kiswahili, maana Kifaransa cha fomu kinawafanya watu waitikie wasichokielewa. Kila mmoja aje na buku yake halisi, hata kama ni karatasi kwenye mfuko wa plastiki; hesabu za shule ya kubuni kama yangu ni za kuonjesha tu. Juma la kwanza hadi la nne ni kesi na resu, la tano hadi la nane gharama ya kila mtoto na kudai, yanayobaki ni mikataba na akiba. Alipie kiingilio kidogo. Anayelipwa ili aje atakuja kulipwa. Cheti asipewe mwishoni mwa Juni, bali Oktoba, akileta kurasa za Julai na Agosti zimejazwa na saini za walezi waliolipwa.