Jay-Z Anapolipa Madeni: Maoni Yangu Kuhusu Albamu ya 4:44

Hip hop ilizaliwa mikononi mwa vijana, na kwa muda mrefu haikujua la kufanya na wasanii wake walipoanza kuota mvi. Mpiga jazi akifikisha miaka 60 husifiwa kwa kukomaa. Rapa akivuka miaka 40 huulizwa anangoja nini kustaafu. Ndiyo maana bado ninairudia 4:44, albamu ambayo Jay-Z, rapa wa Marekani, aliitoa tarehe 30 Juni 2017 akiwa na umri wa miaka 47. Ninaiona kuwa kazi yake bora kabisa tangu aingie utu uzima, na ubora huo unatoka katika nyimbo ambazo ndani yake anazungumza kama mtu anayedaiwa. Zile ambazo anazungumza kama tajiri anayewapa maskini ushauri zina kasoro, na mashabiki wenzangu wengi wamezifumbia macho.

Jay-Z alikwisha kujaribu kuwa mtu mzima mbele ya maikrofoni kabla ya hapo. Mwaka 2003 aliaga kwa The Black Album, kisha mwaka 2006 akarejea na Kingdom Come, ambayo yeye mwenyewe aliiweka mkiani alipozipanga albamu zake kwa ubora mwaka 2013. Kosa la Kingdom Come, kwa masikio yangu, ni kwamba utu uzima wake ulikuwa wa mavazi: mvinyo ghali, safari, na majigambo kwamba yeye ameshapita rika la mambo ya kitoto. Tulielezwa alichonacho, lakini hatukuelezwa maisha hayo yamewagharimu nini watu wa karibu yake. Miaka kumi na moja baadaye, 4:44 inaanza na swali hilohilo la gharama, na safari hii anayeulizwa ni yeye.

Sifa ya kwanza lazima aipate No I.D., mtayarishaji kutoka Chicago aliyemlea kimuziki Kanye West tangu akiwa kijana. Wasanii wakubwa wa siku hizi hukusanya watayarishaji 10 au 15 kwa albamu moja, na matokeo yake husikika kama kapu la vitu visivyojuana. Hapa mdundo wa nyimbo zote umeshikwa na mtu mmoja, nyimbo ni 10 tu, na albamu nzima haifiki dakika 40. No I.D. amechukua vipande vya nyimbo za Nina Simone, Stevie Wonder, Donny Hathaway, Sister Nancy na The Clark Sisters, akavikata na kuvipanga upya kwa namna ambayo vinageuka kuwa wahusika. Sauti hizo hazikai nyuma ya rapa kama pambo. Zinamjibu, zinamuumbua, na mara nyingine zinamaliza sentensi ambayo yeye ameshindwa kuimaliza.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wimbo uliobeba jina la albamu. No I.D. aliuchukua wimbo wa Hannah Williams, mwimbaji wa soul kutoka Uingereza, na bendi yake ya The Affirmations, uliotoka mwaka 2016. Katika wimbo huo mwanamke ndiye mkosaji; yeye ndiye anayekiri kwamba kila siku anamvunja moyo mtu anayempenda. Sauti hiyo inapowekwa chini ya mashairi ya Jay-Z, tunamsikia mwanamume akimwomba mkewe radhi kwa kumsaliti huku mwanamke akiimba hatia kwa niaba yake, kwa ukali ambao yeye hana koo la kuufikia. Naye Jay-Z, ambaye tangu mwaka 1996 amesifika kwa mtiririko usiokosea hata nusu ya pigo, hapa anachelewa nyuma ya mdundo, anakatiza mstari, anarudi. Anachana kana kwamba anasoma barua ambayo angependa isisomwe kwa sauti. Anasema ilibidi mtoto wake azaliwe ndipo aweze kuona kwa macho ya mwanamke, na ilibidi wazaliwe mapacha ndipo aamini miujiza. Anagusa mimba zilizoharibika na kukiri kwamba wakati huo hakuwepo, kwa mwili wala kwa moyo. Kisha anafika mahali pagumu kuliko pote, anapowaza siku ambayo watoto wake wataujua ukweli na yeye kukosa uso wa kuwatazama.

Niliposikia sehemu hiyo kwa mara ya kwanza niliurudisha wimbo mwanzo, kwa sababu nilitaka kuhakikisha kama kuna mahali anapojitetea. Hakuna. Anayekumbuka Big Pimpin', wimbo wa albamu yake ya mwaka 1999 ambao mashairi yake ni dharau tupu kwa wanawake, na ambao mwaka 2010 yeye mwenyewe alisema hadharani kwamba unamtia aibu, atatambua umbali uliotembewa. Sisemi kwamba ombi la radhi linafuta kosa. Mkewe, mwimbaji Beyoncé, alikuwa ameshalieleza jeraha hilo kwa upande wake katika albamu yake ya Lemonade ya mwaka 2016, na ingekuwa fedheha kwa mume kuja baadaye na kisingizio.

Wimbo wa kufungua, Kill Jay Z, unafanya kazi ya namna hiyohiyo kwa haraka zaidi: Shawn Carter, ambalo ndilo jina lake halisi, anamshitaki Jay-Z, anamtajia watu aliowaumiza tangu utotoni, na kumwambia kwamba kidonda kisichofunuliwa hakiponi. Smile nayo naipenda kwa sababu nyingine. Humo anaeleza kwamba mama yake, Gloria Carter, kwa miaka mingi alilazimika kuficha kwamba anawapenda wanawake, na kwamba yeye kama mwana alilia kwa furaha mama alipopata mtu wa kumpenda. Wimbo unamalizika kwa mama mwenyewe kusoma shairi lake, bila mwanawe kuingilia kati. Hip hop imekuwa na ukali wa kutisha dhidi ya watu wa aina hiyo, na msanii mwenye jina kubwa kama lake alikuwa na uwezo wa kunyamaza. Kunyamaza kungekuwa rahisi zaidi, na hakuna ambaye angemuuliza.

Sasa nije kwenye The Story of O.J., wimbo uliosifiwa kuliko yote na ambao unanipa shida kuliko yote. Kama muziki hauna doa. Sauti ya Nina Simone kutoka Four Women, wimbo unaoeleza wanawake wanne weusi wa rangi na hatima tofauti, imekatwakatwa hadi inasikika kama inakabwa, na kiitikio kinasema jambo chungu: uwe mweusi wa shambani au wa nyumbani, kama walivyogawanywa watumwa, uwe tajiri au maskini, mwenye ngozi nyeupe kidogo au nyeusi tii, mbele ya Marekani wewe ni yuleyule. O.J. Simpson, nyota mweusi wa mpira wa miguu wa Kimarekani aliyedhani kwamba umaarufu umemtoa katika hesabu hiyo, anatajwa kama kielelezo cha kujidanganya. Video yake ya katuni nyeusi na nyeupe, iliyoongozwa na Mark Romanek pamoja na Jay-Z, inazirudia zile katuni za kale zilizowadhalilisha Weusi ili kuwarudishia aibu hiyo wale waliozifurahia.

Lakini baada ya kiitikio hicho, beti zinageuka darasa la uwekezaji. Anajuta kwamba hakununua jengo katika mtaa wa Dumbo, Brooklyn, kwa dola milioni 2, ambalo sasa lina thamani ya milioni 25. Anasimulia mchoro alioununua kwa dola milioni 1, ukapanda hadi milioni 2, kisha hadi milioni 8, na kwamba atawaachia watoto wake. Anasema anatugawia maarifa ya dola milioni kwa dola 9.99. Nauliza kwa moyo mweupe: maarifa hayo ni ya nani? Kijana anayelelewa leo katika nyumba za Marcy, zile nyumba za umma za Brooklyn alikokulia Jay-Z, hana dola milioni 1 ya kununulia mchoro, wala hakuna benki itakayomkopesha milioni 2 anunue jengo. Kiitikio kimetuambia kwamba hata utajiri hauwezi kumwokoa mtu mweusi dhidi ya mfumo. Beti zinatuambia suluhisho ni kutajirika. Baya zaidi ni ule mstari wake kuhusu Wayahudi na umiliki wa majengo ya Marekani, ambao unarudia dhana potofu ya kale iliyowaletea watu hao maafa makubwa. Alidai alitia chumvi makusudi, kama alivyotia chumvi picha za Weusi katika wimbo huohuo. Sikubaliani naye. Kejeli ya katuni inaeleweka kwa sababu video nzima inaibeba. Mstari ule umekaa peke yake kama ushauri wa kweli miongoni mwa mashauri mengine, na msikilizaji hana alama yoyote ya kumwambia ausome vingine.

Kasoro hiyo inavuja hadi Family Feud. Waimbaji wa The Clark Sisters wanaupa wimbo huo moto wa kanisani, Beyoncé anaitikia kwa upole, na wazo lake kwamba ugomvi wa nyumbani hauna mshindi linagusa ndoa yake pamoja na ugomvi kati ya marapa wazee na vijana. Halafu katikati ya maombi hayo anatangaza kwamba wawili wenye mabilioni ni bora kuliko mmoja. Mashabiki huupenda mstari huo. Mimi naona umekaa kama tangazo la biashara katikati ya sala, na unanikumbusha kwamba albamu yenyewe ilianza kwa kufungiwa ndani ya Tidal, huduma ya muziki aliyokuwa mmoja wa wamiliki wake, kwa ushirikiano na kampuni ya simu ya Sprint. Toba hii ilihitaji usajili.

Nyimbo nyingine nazipitia upesi. Moonlight inawasema marapa wanaofanana sauti, na kwa kuutumia mdundo wa kundi la Fugees na kisa cha filamu yenye jina hilohilo iliyokabidhiwa tuzo ya Oscar baada ya jina lisilo lake kutangazwa, inapata uchungu wake mahali pake. Bam, aliyomshirikisha Damian Marley, inachangamsha na haidai zaidi ya hapo. Marcy Me ni Jay-Z akichana kwa raha ya ujuzi wake, mistari inayoteleza juu ya kipande cha muziki wa Kireno, na nina hakika kijana yeyote anayejifunza vina angefaidika kuusikiliza kwa daftari mkononi. Caught Their Eyes ndio dhaifu kuliko zote. Sauti ya Frank Ocean inapotea bure katika wimbo uliotekwa na mzozo wa mirathi ya marehemu mwanamuziki Prince.

Wimbo wa kumi, Legacy, unaanza kwa binti yake Blue Ivy kumuuliza baba maana ya wosia. Inaelekea kwamba darasa la mali linaanza tena, na kweli anagawa hisa na biashara kwa ndugu na watoto. Lakini ndani yake amefukia habari nzito kuliko hisa zote: babu yake mhubiri, ambaye binti yake mwenyewe hakusalimika mikononi mwake, na jinsi dhambi hiyo ilivyourudisha nyuma ukoo mzima wa Carter kwa miaka mingi. Kwa mistari michache, urithi unakuwa kitu kinachopokelewa hata na asiyekitaka. Nilitamani akae hapo, lakini anapita haraka.

Aliyepata nakala yenye nyimbo tatu za nyongeza atakuta Adnis, ambao jina lake ni la baba yake, Adnis Reeves, aliyeiacha familia Jay-Z akiwa mtoto na kufariki mwaka 2003, muda mfupi baada ya wawili hao kupatana. Ni wimbo wa polepole, wenye nafasi kubwa kati ya maneno, na ndani yake, kwa mara ya kwanza katika kazi hii yote, Jay-Z ndiye anayedai. Anamsikiliza marehemu kama mzazi anayemsikiliza mzazi mwenzake, anatambua maumivu yaliyomfanya mzee yule aondoke, na anamwachilia deni lake. Sielewi kwa nini wimbo huu uliwekwa nje ya zile 10. Mimi ningeutoa Caught Their Eyes na kuuweka Adnis mara baada ya Smile, ili msikilizaji atoke kwa mama aende moja kwa moja kwa baba.