Grafu Tunaiona, Namba Zake Ziko Wapi?

Makala nyingi za kisayansi huahidi kwamba data itatolewa kwa atakayeiomba. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022, wachambuzi waliamua kuomba kweli. Waliwaandikia waandishi wa makala 1,792 za tiba na biolojia zilizokuwa na ahadi hiyo. Asilimia 93 ama walikataa ama hawakujibu kabisa.

Ni rahisi kuwaita wachoyo. Mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Maseno akitaka kulinganisha grafu ya malaria ya Siaya na mvua za mwaka ule, atabaki kupima nguzo za grafu kwa rula kwenye kioo cha kompyuta (na wapo wanaofanya hivyo). Inauma zaidi ukikumbuka kwamba familia za Asembo na Gem, hukohuko Siaya, zimekuwa zikiwafungulia wadodosaji wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, milango tangu 2001, zikieleza nani kazaliwa, nani kahama na nani kafa.

Lakini Asembo hiyohiyo ndiyo inayonifanya nisite. Futa majina kwenye daftari: bado kuna kijiji, idadi ya watoto, mwaka mama alipofariki, na pengine majibu ya kipimo cha ukimwi. Jirani hahitaji jina hapo ili amtambue mtu. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na aliyekubali kuhojiwa kuhusu malaria hakukubali kila jambo.

Kuna na hofu isiyosemwa wazi, ya kukosolewa. Wanauchumi Edward Miguel na Michael Kremer walichapisha mwaka 2004 utafiti wao wa dawa za minyoo katika shule 75 za Busia. Baadaye walitoa data pamoja na programu za hesabu. Mwaka 2015 wahakiki wa Uingereza wakaonyesha makosa: faida iliyodaiwa kufika shule zilizo mbali, kilomita 3 hadi 6, haikusimama, ingawa ongezeko la mahudhurio katika shule zilizopewa dawa lilibaki. Mabishano yakawa makali. Kremer alipata Nobel mwaka 2019 hata hivyo, lakini mtafiti kijana asiye na kazi ya kudumu akitazama vumbi lile atajifunza nini? Afunge kabati. Waliofungua daftari ndio waliohojiwa. Waliolifungia hakuna aliyewagusa.

Kwa hiyo data ghafi ya kaya na ikae chini ya ulinzi, atakayeitaka apitie kamati ya maadili. Siri ya mgonjwa, hata hivyo, imevutwa mpaka ikafunika yasiyoihusu. Wastani uliochorwa kwenye nguzo tayari umechapishwa. Kinachofichwa ni tarakimu zake tu. Isipokuwa kundi likiwa la watu wawili watatu, jedwali la mistari 12 nyuma ya grafu ya miezi 12 halimfichui mtu yeyote wa Gem. Anayelinyima hilo ana sababu nyingine, na majarida yangeweza kumuuliza kabla ya kuchapisha.