Mtu wa kifaa kimoja: je, Marekani ilikosea kumpeleka Nedoroscik Paris?

Julai 29, 2024, ukumbi wa Bercy, Paris, fainali ya jimnastiki ya Olimpiki kwa timu za wanaume. Kijana mwenye miwani amekaa kitini, kichwa amekiegemeza nyuma, macho ameyafumba, wenzake wako uwanjani wanatafuta pointi. Stephen Nedoroscik alikaa hivyo wakati timu yake ikipita pete, mruko, vyuma sambamba, chuma cha juu na sakafu. Zamu ya farasi wa vishikio, kifaa kama meza ndefu yenye vishikio viwili juu, ilipofika akavua miwani, akapanda, akazungusha miguu kwa muda usiofika dakika moja na akashuka na alama 14.866. Marekani ikachukua shaba, medali yake ya kwanza ya timu ya wanaume kwenye Olimpiki tangu Beijing 2008. Usiku uleule mitandao ikambatiza Clark Kent, jina la Superman anapojificha nyuma ya miwani.

Ubishi ulikuwapo kabla ya usiku ule na haujaisha. Timu ina nafasi tano, vifaa ni sita. Ni halali kweli nafasi moja apewe mtu anayecheza kifaa kimoja tu?

Wanaosema hapana wana hoja, na si vizuri kuzipuuza kwa sababu tu medali ilipatikana. Katika fainali ya timu kila kifaa huchezwa na watu watatu na alama zote tatu huhesabiwa, hakuna ya kutupwa. Hiyo ni michezo 18. Nedoroscik alicheza mmoja, kwa hiyo wenzake wanne, Brody Malone, Asher Hong, Paul Juda na Frederick Richard, waligawana 17. Malone alikuwa ametoka kwenye jeraha baya la goti la mwaka 2023, na katika hatua ya awali pale pale Paris aliteleza vibaya, Marekani ikaingia fainali ikiwa ya tano. Kama mmoja wa hao wanne angeteguka kifundo cha mguu katikati ya fainali, kocha angegeuka na kumkuta nani? Mtu ambaye hachezi pete wala hachezi sakafu.

Halafu kuna walioachwa. Mchujo wa Marekani ulifanyika Minneapolis mwezi Juni, na Shane Wiskus alimaliza wa tatu kwa jumla ya vifaa vyote. Ni mtoto wa jimbo hilohilo, alisoma na kucheza chuo kikuu cha Minnesota, chuo kilichofuta timu yake ya wanaume mwaka 2021. Wa tatu nchi nzima, mbele ya watu wa nyumbani, kisha akatajwa kuwa mchezaji wa akiba. Khoi Young naye, aliyerudi na fedha mbili kutoka mashindano ya dunia ya Antwerp 2023, moja ya farasi huyohuyo na nyingine ya mruko, akawekwa akiba pia. Ukimweleza mtu asiyefuatilia mchezo huu kwamba wa tatu kabaki benchi ili aende mtu wa kifaa kimoja, atakuuliza kama kamati ya uteuzi ilihongwa.

Haikuhongwa. Kosa liko kwenye swali. Tunauliza nani bora, mmoja baada ya mwingine, kama tunaopanga foleni. Kamati inauliza watu gani watano wakiwekwa pamoja watatoa jumla kubwa katika michezo 18. Hayo ni mambo mawili tofauti. Mchezaji wa tatu kwa jumla anaweza kuwa wa nne kwenye karibu kila kifaa, na wa nne katika fainali ya watatu hana mahali pa kucheza. Uzuri wake wote unabaki kwenye karatasi. Inaumiza, na mimi ningemwonea huruma Wiskus kuliko mtu yeyote katika habari hii, lakini hesabu haina dhuluma ndani yake.

Na kifaa chenyewe hakikuwa chochote tu. Farasi wa vishikio amekuwa ugonjwa wa Wamarekani kwa muda mrefu. Sababu moja ni asili ya kifaa. Kwenye chuma cha juu ukichelewa kidogo unaweza kujirekebisha hewani. Juu ya farasi uzito wote uko mikononi, mkono mmoja ukiachia mwingine ukishika, miguu ikizunguka bila kugusa chochote, na nyonga ikishuka kidogo tu mdundo wote unakufa. Kuanguka kunakatwa pointi nzima, bado hujahesabu vitu ulivyoshindwa kuvionyesha. Mwaka 2012 London, Marekani iliongoza hatua ya awali na watu wakaanza kuitaja kwa dhahabu. Fainali ilipofika, John Orozco na Danell Leyva wakaharibu kwenye farasi, timu ikamaliza ya tano. Rio ikawa ya tano. Tokyo ya tano.

Tokyo inafundisha kuliko zote. Mwaka ule timu zilipunguzwa hadi watu wanne, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya mtu wa kifaa kimoja. Marekani ilikuwa na mtaalamu wa farasi, Alec Yoder, na ilimpeleka, ila kwa tiketi ya mchezaji binafsi. Alicheza hadi fainali ya kifaa chake, na alama zake hazikuisaidia timu hata chembe. Paris nafasi zikarudi kuwa tano. Kanuni ndiyo iliyobadilika, na kamati ikaitumia.

Watetezi wa Nedoroscik wamezoea kurudi Beijing 2008, nami nawaelewa. Ndugu wawili Paul na Morgan Hamm walijitoa kwa majeraha muda mfupi kabla ya mashindano. Alexander Artemev akaitwa kutoka akiba, na fainali ikaishia kwenye farasi, yeye akiwa wa mwisho. Alipata 15.350, Marekani ikamaliza na 275.850 dhidi ya 274.600 za Ujerumani, shaba ikapatikana. Miaka 16 baadaye kifaa kilekile, mtu wa mwisho tena, medali ileile. Inavutia mno, na ndiyo maana inapotosha. Rio 2016 Alex Naddour, bingwa wao wa farasi, alikuwa ndani ya timu na hata akajipatia shaba yake binafsi, lakini timu haikufika popote. Farasi peke yake hakupi medali.

Hapa ndipo ninapokuja kwenye namba inayonikera. Marekani ilimaliza Paris na 257.793. Uingereza, ya nne, ilikuwa na 255.527. Tofauti ni 2.266. Toa hiyo kwenye 14.866 za Nedoroscik, unabaki na 12.600. Yaani angeanguka na bado shaba ingekuwa yao. Hata mtu wa kawaida wa kupata 13 na ushee kwenye farasi angetosha. Simulizi yote ya shujaa aliyeiokoa timu dakika ya mwisho inaanguka mbele ya utoaji huo mdogo, na wapinzani wake wana haki ya kuuonyesha. Wanaweza kuongeza kwamba Warusi, mabingwa wa Tokyo, walikuwa wamefungiwa. Wanaweza kuongeza pia kwamba kilichowainua Wamarekani zaidi ni miaka kadhaa ya kuwapa wachezaji wao pointi za nyongeza nyumbani ili wathubutu kucheza mazoezi magumu zaidi, na kwamba usiku ule michezo yote 18 ilipita bila mtu kuanguka. Kumi na saba kati ya hiyo haikuwa yake.

Yote kweli. Lakini tazama 2.266 inavyotumiwa. Ilijulikana usiku wa Julai 29, na kamati ilikaa Juni. Juni hakuna aliyejua kwamba Marekani ingecheza 18 bila kuanguka. Timu hiyohiyo siku mbili tu kabla ilikuwa imeangukaanguka. Ukiondoa maporomoko mawili kwenye pengo hilo, unabaki na 0.266, na hapo zile alama za ziada za mtaalamu wa farasi zinageuka kuwa medali yenyewe. Nafasi ya tano hununuliwa kwa ajili ya usiku mbaya. Usiku ukiwa mzuri inaonekana ilikuwa anasa.

Anayetaka kuona usiku mbaya unavyofanana, awatazame Wachina wa fainali ileile. Wanakwenda kwenye chuma cha juu, kifaa chao cha mwisho, wakiwa mbele ya Japani kwa zaidi ya pointi tatu. Su Weide, aliyeingia timu baada ya Sun Wei kuumia, anaanguka mara mbili na kutoka na 11.600. Zhang Boheng anapanda baada yake, anapata 14.733, haisaidii. Japani 259.594, China 259.062. Dhahabu imekwenda kwa 0.532. China ilikuwa na vinara watupu. Ilipotezwa na mchezo mmoja kati ya 18. Mtaalamu wa kifaa kimoja analetwa ili timu isimpandishe mtu dhaifu kwenye kifaa kile, na faida hiyo haipigwi picha.

Hatari ya kumpa nafasi mtu wa kazi moja ipo, mashabiki wa soka wanaijua. Kwenye Kombe la Dunia la 2014 Uholanzi ilimwingiza kipa Tim Krul mwishoni mwa muda wa nyongeza dhidi ya Costa Rica, akadaka penalti mbili. Mechi iliyofuata dhidi ya Argentina mabadiliko yalikuwa yameisha, Krul akabaki benchi, Uholanzi ikatolewa kwa penalti. Marekani nayo iliweka imani yake kwenye miili minne, na ilihimili.

Mimi ningemchagua tena. Ningemchagua hata kama asingepata ile shaba yake binafsi ya 15.300 siku chache baadaye, nyuma ya Rhys McClenaghan wa Ireland na Nariman Kurbanov wa Kazakhstan. Ila nisingemchagua kwa Los Angeles 2028 bila kupiga hesabu upya. Vyuo vinavyozalisha wachezaji hawa vinazidi kupungua, na wote watano wa Paris walitoka huko: Stanford, Michigan, Penn State. Mwaka 2025 pale Jakarta, Malone alitwaa ubingwa wa dunia wa chuma cha juu na Donnell Whittenburg wa pete, kwa hiyo foleni ya wanaodai nafasi kwa kifaa kimoja imerefuka. Wawili wa namna hiyo ndani ya timu moja, na watatu waliobaki wangebeba karibu kila kitu. Huko mimi siendi.