Si Kila Tumbo la Kulia Ni la Kisu
Mtoto ana homa siku ya tano, tumbo linamuuma chini upande wa kulia, anatapika. Hapa Mwanza taifodi inatajwa kabla hata hajapimwa. Daktari akisema, "Tusubiri kidogo, kwanza niuangalie moyo," ndugu wanaona mgonjwa wao anapuuzwa. Linaumwa tumbo, moyo unaingiaje?

Wanaotaka apasuliwe upesi wana haki ya kuogopa. Taifodi hutoboa utumbo, kidole tumbo hupasuka, na mtoto aliyevushwa maji kutoka Ukerewe huenda amefika kachelewa.

Ila huyo daktari ana sababu zake. Mwaka 2020, Uingereza na Marekani, walionekana watoto waliozidiwa wiki mbili hadi sita baada ya Uviko-19, wengine wakiwa hawakuugua kabisa walipoambukizwa. Ugonjwa huo unaitwa MIS-C: kirusi kimeshapita, lakini kinga ya mwili haitulii, inavimbisha mishipa ya damu, moyo na matumbo. Kati ya watoto 186 waliochunguzwa Marekani mwaka huo, 171 walikuwa na dalili za tumbo. Mia moja sabini na mmoja! Kifua, ambacho dunia nzima ilikuwa inakihofia, kilikuwa nyuma ya tumbo. Na kwa watoto wanane katika kila kumi, moyo au mishipa ilikuwa imeguswa.

Uvimbe huo hupenda mwisho wa utumbo mwembamba, jirani na kidole tumbo, na ndipo taifodi nayo hutoboa. Ukibonyeza pale, mtoto anakunja magoti na kulia, iwe ni ugonjwa upi kati ya hayo matatu. Kwa hiyo daktari anatazama kwingine: macho mekundu yasiyo na tongotongo, midomo iliyopasuka, vipele, viganja vilivyovimba. Anamuuliza mama kama mwezi uliopita kulikuwa na mafua nyumbani. Moyo ukiwa umelegea, dawa ya usingizi yenyewe ni hatari, na tiba ya ugonjwa huu ni dawa za kutuliza kinga, siyo kisu.

Wapo watoto waliokutwa na ugonjwa huu pamoja na kidole tumbo kilichooza kweli. Ndiyo maana kusubiri kwenyewe ni kazi: tumbo libonyezwe tena baada ya saa chache, utrasaundi irudiwe, na daktari wa upasuaji awe ameshaitwa. Mtoto akiachwa mpaka asubuhi bila mtu kurudi kitandani, ndugu wapige kelele, nami nitakuwa upande wao.