Trela halikukwaruzika, kwa hivyo halina makosa?

Kila trela na tuktuk zikigongana kati ya Changamwe na Miritini, huku Mombasa, hukumu hutolewa papo hapo kando ya barabara: “Trela lilikuwa likienda polepole, wala halikukwaruzika. Huyu wa tuktuk ndiye aliyekuja kwa fujo.” Juzi nimeyasikia tena barazani, kutoka kwa watu wazima ninaowaheshimu, na yamenichoma.

Tupige hesabu. Trela lenye shehena, tani 40 kwa jumla, linatoka bandarini kwa kilomita 20 kwa saa. Tuktuk, pamoja na dereva na abiria, kilo 700, inalijia kwa kilomita 30. Zinagongana uso kwa uso na kushikana. Momentamu ni uzito mara kasi, na jumla yake haibadiliki katika mgongano. Toa ya tuktuk kwenye ya trela, maana zimeelekeana, kisha gawanya kwa uzito wote: unapata kilomita 19 na kitu. Trela halikupungukiwa hata na kilomita moja. Tuktuk ilikuwa ikienda mbele kwa 30, sasa inarudishwa nyuma kwa 19. Hayo ni mabadiliko ya kilomita 49 kufumba na kufumbua, na mwili wa yule kijana aliyeshika usukani umeyapitia yote. Dereva wa trela ametikisika kidogo tu kitini.

Pigo lenyewe ni sawa kwa wote wawili. Newton alishaliandika hilo mwaka 1687.

Kinachowapoteza watu ni nishati mwendo, yaani nishati ambayo kitu huwa nayo kwa sababu kinakwenda. Momentamu imebaki, lakini kilojuli 66 hivi za nishati mwendo hazipo tena kwenye mwendo: zimekunja bati, zimevunja vioo, zimekuwa mlio na joto. (Kwenye keram mambo ni tofauti: kete ikiigonga mwenzake katikati sawasawa, ya kwanza husimama na ya pili huondoka na karibu mwendo wote.) Sasa tazameni: tuktuk ilikuja na kilojuli 24 tu. Hata zingetumika zote, hazifiki nusu ya kazi iliyofanyika pale. Zilizobaki zimetoka kwenye lile trela “lililokuwa polepole”, na bati la tuktuk ndilo lililokunjika kwa sababu ndilo laini. Bampa ya trela kubaki nzima haionyeshi chochote kuhusu nani alikosea.

Ndiyo, wako madereva wa tuktuk wanaojichomeka mahali ambapo hata baiskeli haipiti. Nakubali, na mwenye kosa aadhibiwe. Lakini kosa litafutwe kwenye alama za breki, kwa mashahidi, kwa kuangalia nani alitoka njia yake. Aliyepondeka asihukumiwe kwa kupondeka kwake.

Na wanaofundisha udereva, tafadhali. Mnawakaririsha wanafunzi alama za barabarani mpaka wanaziota, lakini hesabu ya migongano, ambayo wanasayansi John Wallis, Christopher Wren na Christiaan Huygens waliieleza mbele ya Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, mwaka 1668 na 1669, hamuigusi. Mtu asikabidhiwe trela kabla ya kuikokotoa mwenyewe kwa kalamu, na kueleza mbele ya mtahini kilomita 20 za tani 40 zinamfanya nini mtu aliye mbele yake.